Bustani ya Kijapani Juu ya Lava: Mhadhara Kuhusu Bustani ya Liliʻuokalani, Hilo

Mjini Hilo, upande wa mashariki wa kisiwa cha Hawaii, ambacho ndicho kikubwa kuliko vyote katika funguvisiwa lenye jina hilo hilo, ipo bustani ya umma iliyotengenezwa kwa mtindo wa Kijapani kati ya mwaka 1917 na 1919 na kupewa jina la Liliʻuokalani, malkia wa mwisho wa ufalme wa Hawaii. Bustani hiyo imekaa kwenye rasi ya Waiākea, juu ya lava, yaani mawe yaliyotoka volkanoni yakiwa ujiuji wa moto na kuganda yalipopoa, na mbele yake imetanda ghuba ya Hilo. Hoja ya mhadhara huu ni kwamba bustani ya Kijapani iliyo nje ya Japani, hasa ikiwa katika kisiwa cha nchi za joto, haifai kupimwa kwa kiasi inavyofanana na bustani za Kyoto; inafaa kupimwa kwa namna inavyoyatii mawe, maji, mvua na historia ya mahali ilipo, na kwa kipimo hicho bustani ya Hilo inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa na wageni wengi, ambao huingia, hupiga picha za madaraja mekundu, kisha huendelea na safari yao.

Istilahi chache za sanaa hii zinahitaji kuelezwa kwanza, kwa sababu bila hizo mgeni huona mawe na maji tu. Wajapani wanazo aina kadhaa za bustani, na aina inayohusika zaidi hapa ni ile ya matembezi, ambayo njia yake huzunguka bwawa na kumwonyesha mtembezi mandhari moja baada ya nyingine, kila moja ikiwa imefichwa kidogo na kilima, daraja au kichaka mpaka wakati wake wa kuonekana ufike. Aina nyingine ni karesansui, yaani bustani kavu, ambamo changarawe iliyochorwa mistari kwa reki husimama badala ya maji na mawe makubwa husimama badala ya milima na visiwa. Mfano wake mashuhuri ni ule wa hekalu la Ryōan-ji mjini Kyoto, wenye mawe 15. Kanuni ya shakkei, ambayo maana yake ni mandhari ya kuazima, humtaka mjenzi aiingize katika bustani yake milima au bahari iliyo nje ya mipaka yake, kwa kuacha mwanya mahali panapofaa na kuziba panaposumbua jicho. Tōrō ni taa ya mawe, ambayo asili yake ni katika mahekalu, na torii ni lango la nguzo mbili na mihimili ya kulala linaloonyesha kwamba mtu anaingia mahali patakatifu katika dini ya Shinto.

Nyuma ya istilahi hizo kuna fikra iliyoandikwa mapema sana. Kitabu cha Sakuteiki, ambacho ni cha karne ya 11 na huhesabiwa kuwa maandishi ya kale kuliko yote ya Wajapani kuhusu utengenezaji wa bustani, humwelekeza mjenzi aanze kwa kulitazama eneo lenyewe, hali ya ardhi yake na mkondo wa maji yake, akumbuke mandhari ya asili aliyowahi kuyaona, na anapopanga mawe alisimamishe jiwe la kwanza kisha ayapange mengine kama vile jiwe hilo lenyewe lingetaka. Kwa maneno mengine, mafundisho ya msingi ya sanaa hii hayamwamuru mtu akopi bustani nyingine. Yanamwamuru asikilize mahali. Jambo hilo likieleweka, swali la kama bustani ya kisiwa cha joto ni ya Kijapani kweli hubadilika kabisa, kwa kuwa mjenzi ambaye angelazimisha mambo ya Kyoto juu ya mwamba wa Hilo ndiye angekuwa ameiasi mila, na yule aliyeufuata mwamba ndiye angekuwa mwanafunzi wake mwema.

Mwamba huo wenyewe ni mweusi, una matundu madogo madogo yaliyoachwa na hewa ya moto, na mahali pengine umejikunja kama kamba zilizolazwa pamoja. Nchini Japani mabwana wa zamani walitumia fedha na nguvu nyingi kuyatafuta mawe mazuri na kuyasafirisha mpaka bustanini, lakini mjini Hilo mawe yalikuwapo kabla ya bustani, na yangali yamekita pale pale yalipoachwa na Mauna Loa, volkano yenye urefu wa mita 4,169 ambayo bado iko hai na ambayo mwaka 1881 lava yake ilisogea mpaka viungani mwa mji huo. Kwa hiyo katika bustani hii jiwe halikuletwa kuwa ishara ya mlima. Ni kipande cha mlima wenyewe, na mtembezi anayeweka mkono juu yake anagusa kitu ambacho bustani nyingi za Kijapani hukiwakilisha tu.

Maji nayo yana tabia yao. Bwawa kuu, liitwalo Waihonu, hupokea maji matamu ya chemchemi na maji ya chumvi ya bahari, nalo hujaa na kupwa pamoja na ghuba, hivi kwamba mandhari ya asubuhi si mandhari ya alasiri: miamba iliyofunikwa hujitokeza, vijisiwa hukua na kupungua, na madaraja huonekana marefu au mafupi kulingana na saa. Mtu aliyelelewa katika pwani ya Waswahili, anayepanga shughuli zake kwa kuangalia maji, atalielewa bwawa hili upesi kuliko mgeni wa kutoka bara. Ikumbukwe pia kwamba kabla ya Mjapani yeyote kukanyaga Waiākea, Wahawaii wenyewe walikuwa mabingwa wa kufuga samaki katika mabwawa ya pwani, mahali ambapo chemchemi hukutana na bahari, na eneo hilo lilisifika kwa mabwawa hayo. Bwawa la bustani kwa hiyo limerithi kazi ya mikono miwili, ya Wahawaii waliojua jinsi ya kuyatumia maji hayo na ya Wajapani waliojua jinsi ya kuyatazama.

Suala gumu zaidi ni la mimea, kwa sababu bustani ya Kijapani ya kawaida hutegemea majira manne: maua ya mcheri katika majira ya kuchipua, kijani kizito cha kiangazi, majani mekundu ya miti ya maple katika majira ya kupukutika, na theluji juu ya matawi ya misonobari wakati wa baridi. Mjini Hilo hakuna majira hayo. Mji uko chini ya nyuzi 20 kaskazini mwa ikweta na hupata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka, kiasi kinachouweka miongoni mwa miji yenye mvua nyingi zaidi nchini Marekani. Mti wa mcheri huhitaji kipindi cha baridi ili uchanue vizuri, ndiyo maana katika kisiwa hicho hicho tamasha la maua yake hufanyika Waimea, mji ulio kwenye mwinuko wa mita 800 hivi, wala si Hilo ufukweni. Watunzaji wa bustani za namna hii katika nchi za joto huwa na njia mbili: kuihangaikia mimea ya baridi mpaka ife, au kutafuta mimea ya joto inayoweza kubeba umbo linalotakiwa. Mvinje, kwa mfano, ule ule unaopandwa katika fukwe za Afrika Mashariki, una majani membamba kama sindano na ukikatwa kwa ustadi unaweza kusimama mahali pa msonobari, ingawa si wa ukoo mmoja nao. Mianzi hustawi bila kubembelezwa. Kangaga na mimea midogo laini inayotanda juu ya mawe yenye unyevu, ambayo hekalu la Saihō-ji la Kyoto limejipatia jina kubwa kwa ajili yake, hujiotea yenyewe chini ya mvua ya Hilo.

Hata hivyo wepesi huo wa kuota una gharama ambayo mgeni haioni. Mahali ambapo kuna baridi, mti hulala kwa miezi kadhaa na mkataji hupata muda wa kufikiri. Mahali ambapo mvua na jua havikomi, mti hukua mwaka mzima, na umbo lililopatikana kwa kazi ya wiki nyingi linaweza kupotea upesi likiachwa. Bustani ya Kijapani katika kisiwa cha joto ni kazi isiyo na likizo. Wanaoifanya wanastahili kutajwa kabla ya wabunifu, maana ubunifu hufanyika mara moja lakini upogoaji hufanyika daima, na ndio unaoamua kama bustani itabaki bustani au itarudi kuwa kichaka.

Mandhari ya kuazima ndiyo inayoipa Hilo fahari ambayo bustani chache duniani zinayo. Kwa upande mmoja kuna ghuba, na ndani yake kisiwa kidogo cha Moku Ola kilichounganishwa na nchi kavu kwa daraja la miguu, ambacho kwa Wahawaii kilikuwa mahali pa uponyaji na pa hifadhi. Kwa upande mwingine, asubuhi ambapo mawingu hayajapanda, huonekana Mauna Kea, mlima wa mita 4,207 ambao kilele chake hupata theluji katika miezi ya baridi. Miongoni mwa taa za mawe za Kijapani kuna aina yenye paa pana na miguu mifupi iliyobuniwa ili theluji itue juu yake na kutazamwa. Katika kisiwa cha joto taa kama hiyo ingeweza kuonekana imepotea njia, lakini mbele ya Mauna Kea inayo haki ya kuwapo, kwa kuwa theluji anayoingoja mtazamaji iko mbele ya macho yake, juu ya minazi.

Hata hivyo bustani hii haitaeleweka kwa mawe na miti peke yake. Kuja kwa Wajapani Hawaii kulianza mwaka 1868, walipofika watu 150 hivi, waliokuja kuitwa gannenmono, yaani watu wa mwaka wa kwanza, kwa sababu walifika mwaka wa kwanza wa enzi ya Meiji nchini Japani. Mwaka 1881 Mfalme Kalākaua, kaka yake Liliʻuokalani, alizuru Japani katika safari yake ya kuizunguka dunia na kuomba wahamiaji zaidi; kuanzia Februari 1885 wakaja kwa maelfu kwa mikataba ya serikali, na kufikia mwaka 1920 watu wa asili ya Kijapani walikuwa zaidi ya asilimia 40 ya wakazi wote wa visiwa hivyo. Walikuja kukata miwa. Walivaa kibati cha chuma kiitwacho bango, chenye namba ambayo msimamizi aliitumia kumtambua kibarua na bohari iliitumia kumkata deni lake, wakawa manamba kama wale wa mashamba ya mkonge ya Tanga. Hawakunyamaza: mwaka 1909, na tena mwaka 1920, vibarua wa kisiwa cha Oʻahu waligoma kwa miezi kadhaa wakidai ujira wa haki.

Katika mazingira hayo wazo la kutengeneza bustani ya Kijapani mjini Hilo lilihimizwa na Laura Kennedy, mke wa meneja wa kiwanda cha sukari cha Waiākea, aliyekuwa amevutiwa na bustani alizoziona Japani. Jambo hili linafaa kusemwa waziwazi bila kumtukana mtu. Tabaka lililowalipa Wajapani ujira mdogo shambani ndilo lililoipenda sanaa yao kiasi cha kutaka kuiona mjini, na si mara ya kwanza katika historia kwa utamaduni wa watu kupendwa huku watu wenyewe wakidharauliwa. Lakini pia ni kweli kwamba bustani, ikishakuwa ya umma, haiwezi kubaki mali ya nia ya mwanzilishi wake. Familia za vibarua ziliishi karibu nayo, katika mtaa wa Waiākea na ule wa Shinmachi, na watoto wao ndio walioijua kila kona.

Jina la malkia nalo lina uchungu wake. Liliʻuokalani aliondolewa madarakani Januari 1893 na kundi la wafanyabiashara na wamiliki wa mali, wengi wao wakiwa na maslahi katika sukari, huku askari wa majini wa Marekani wakiwa wameshuka Honolulu. Mwaka 1895 alifungwa ndani ya jumba lake la kifalme, mwaka 1898 nchi yake ikaunganishwa na Marekani, na yeye akafariki Novemba 11, 1917, wakati bustani inaanza. Ni mwaka 1993 tu ambapo bunge la Marekani liliomba radhi rasmi kwa mapinduzi hayo. Malkia huyo alikuwa na uhusiano mwema na wahamiaji wa Kijapani, na mwaka 1901 alihudhuria ibada ya Wabuddha wao Honolulu, tendo lililowapa heshima mbele ya jamii iliyoitazama dini yao kwa mashaka. Kwa sababu hiyo jina lake juu ya lango la bustani ya Kijapani halikukaa mahali pasipo pake, hata kama waliolichagua hawakuyafikiria yote hayo.

Kisha bahari ikaja. Aprili 1, 1946, tetemeko lililotokea katika visiwa vya Aleutian, kaskazini kabisa mwa Bahari ya Pasifiki, lilisababisha tsunami, yaani mawimbi marefu yanayoanzishwa na kusogea kwa sakafu ya bahari, nayo yakafika Hawaii asubuhi bila onyo lolote na kuua watu 159, kati yao 96 mjini Hilo. Shinmachi ilifagiliwa, ikajengwa upya. Mwaka 1949 ulianzishwa mfumo wa kuonya kuhusu tsunami katika Pasifiki, na Mei 22, 1960, lilipotokea tetemeko la Chile, ambalo ndilo kubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa, onyo lilitolewa kwa wakati: ving'ora vililia Hilo jioni ile, saa kadhaa kabla ya wimbi. Watu wengi hawakuondoka. Wengine hawakuelewa maana ya king'ora, wengine walikuwa wameshaonywa siku za nyuma pasipo kutokea jambo, na wengine walikwenda kutazama. Wimbi kubwa lilifika usiku, Mei 23, saa saba na dakika nne, kama inavyoonyesha hadi leo saa ya Waiākea iliyosimama wakati huo na ambayo wenyeji wameiacha ikiwa imesimama kando ya barabara ya Kamehameha. Maji yalipanda kufikia mita 10 hivi, watu 61 wakafa, majengo zaidi ya 500 yakaharibiwa, na bustani ikavurugwa. Mawimbi hayo hayo yaliendelea kuvuka bahari mpaka Japani, nchi ya wazee wa wale waliokufa Waiākea, na huko yakaua watu zaidi ya 130.

Uamuzi uliofuata ndio unaoipa bustani hii maana iliyo nayo leo. Safari hii Shinmachi na mtaa wa Waiākea havikujengwa tena. Ardhi kubwa ya ufukweni iliachwa wazi kuwa viwanja vya nyasi, mabwawa na bustani, ili bahari ikija tena ikute miti na mawe mahali pa vitanda vya watu. Bustani ya Liliʻuokalani ilitengenezwa upya, na mwaka 1968, katika kuadhimisha miaka 100 tangu gannenmono walipofika, majimbo ya Japani walikotoka wahamiaji yalituma taa za mawe kuwa zawadi. Mgeni asiyejua historia huziona taa hizo kuwa pambo. Anayeijua hutambua kwamba kila moja imetumwa na jimbo ambalo watoto wake walikwenda kukata miwa ng'ambo ya bahari.

Vipo visiwa vingine vya joto vyenye bustani za Kijapani za umma, na kulinganisha kidogo kunasaidia. Ile ya Jurong, Singapore, iliyofunguliwa mwaka 1973, ilibuniwa na Kinsaku Nakane, mmoja wa mabingwa wakubwa wa karne ya 20, na ile ya Havana, Cuba, iko ndani ya Bustani ya Taifa ya Mimea. Zote mbili ni kazi zenye thamani, na kwa usanifu pengine ile ya Jurong iliwazwa kwa umakini zaidi kuliko ya Hilo, ambayo ilikua kwa vipande, ikavunjwa, ikarekebishwa. Lakini Jurong ilitengenezwa juu ya ardhi iliyopangwa na mipango ya serikali, kwa wananchi ambao wengi wao hawakuwa na ukoo wowote na Japani. Mjini Hilo watu wenyewe walikuja kwanza, wakaishi, wakafa, na bustani ikabaki kuwa mahali pao pa kukumbukwa. Ubora wa mistari ya changarawe hauwezi kushindana na hilo.

Mgeni atakayekwenda Hilo afike mapema asubuhi, kabla mawingu hayajaifunika Mauna Kea, na ikiwezekana arudi jioni, ili alione bwawa likiwa limejaa na likiwa limepwa. Achukue mwavuli. Asikimbilie madaraja, azunguke polepole kwa njia ya pembeni, asimame kwenye kila taa, kisha avuke mpaka Moku Ola na kuitazama bustani kutoka majini. Kabla au baada ya hapo, akiyakuta yako wazi, aingie katika Makumbusho ya Tsunami ya Pasifiki yaliyoko mjini humo, ambako zimehifadhiwa kumbukumbu za walionusurika, kwa maana bila hizo atakuwa ametembelea nusu ya bustani.

Na jambo la mwisho ni la kuokoa maisha. Ving'ora vya Hawaii hujaribiwa siku ya kwanza ya kazi ya kila mwezi, saa tano na dakika 45 asubuhi, na kusikika wakati huo si ishara ya hatari. Lakini king'ora kikilia wakati mwingine wowote, au ardhi ikitikisika kwa nguvu, au maji ya ghuba yakipwa ghafla na kuacha samaki juu ya mwamba, mgeni asisimame kutazama wala kupiga picha. Aache kila kitu, aondoke ufukweni na kuelekea penye mwinuko, na asirudi mpaka mamlaka zitakapotangaza kwamba hatari imekwisha. Agizo hilo ni la Hilo, lakini wakazi wa pwani ya Afrika Mashariki nao walishike, kwa kuwa mawimbi yaliyoanzia Sumatra Desemba 26, 2004 yaliua watu Somalia, Kenya na Tanzania.